Uzoefu wangu Amani, Usambara Mashariki: matembezi ya kuongozwa katika bustani na msitu

Wageni wengi wanaopanda Usambara huishia Lushoto, na Amani, makazi madogo yaliyo kwenye safu ya mashariki katika wilaya ya Muheza, hubaki jina la kusikika tu. Maoni haya yanahusu matembezi ya kuongozwa ndani ya bustani ya kale ya mimea na msitu unaoizunguka. Nayapa alama za juu, hasa kwa sababu ya mwongozaji aliyezaliwa milimani humo na kuifahamu miti kwa majina ya Kisambaa, ya Kiswahili na ya kisayansi.

Barabara ya kutoka Muheza ni ya vumbi, na baada ya Zigi inapanda kwa kona kali, kwa hiyo wakati wa mvua gari dogo halifai. Inafaa kusimama Zigi kabla ya kupanda, kwani nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni bado ipo. Hapo ndipo ilipoishia reli nyembamba iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Tengeni, kwa ajili ya kusomba magogo ya msituni.

Amani yenyewe iko kwenye mwinuko wa takribani mita 900. Serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902, ikakusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia ili kujua ni ipi ingestawi katika koloni. Mkwinini ulikuwa miongoni mwake, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za baharini, kwinini, dawa ya malaria itokanayo na mti huo, ilitengenezwa papo hapo Amani kwa ajili ya askari. Mwongozaji wetu hakuisimulia historia hii akiwa amesimama mbele ya bango. Alitupitisha mti kwa mti, na kila mti ukawa na sababu ya kuwa mahali pale.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni habari ya muhogo, na nasikitika kwamba Watanzania wengi hatuijui. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, mtafiti H. H. Storey na wenzake waliokuwa Amani walichunguza batobato, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza mihogo ya wakulima, na mwaka 1936 Storey akaeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa mwingine wa mihogo, wa michirizi ya kahawia. Walipandanisha muhogo na jamaa zake wa mwituni, ukiwemo mmea uliokuwa ukilimwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, hadi wakapata uzao uliostahimili ugonjwa. Uzao huo baadaye ulitumika Nigeria katika kuzalisha mbegu bora zilizoenea katika nchi nyingi za Afrika. Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo yakawa ya watafiti wa malaria.

Msitu nao unahitaji macho ya kuongozwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeulisha kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana una viumbe wasiopatikana kwingine. Tuliona mbega juu ya vilele vya miti, na kwenye mwamba wenye kivuli karibu na kijito tukaoneshwa Saintpaulia (African violet), lile ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na ambalo leo hupamba madirisha ya nyumba duniani kote huku likiwa hatarini katika makazi yake ya asili. Mwongozaji hakuficha upande mwingine wa urithi huu: Maesopsis, mti uliopandwa na watu, umeenea hadi ndani ya msitu na kuchukua nafasi ya miti ya asili, hasa pale palipokatwa magogo. Ukweli wa namna hiyo ndio uliofanya niithamini huduma yake. Msitu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, na maji ya mto Zigi unaotoka humo ndiyo yanayonywewa na wakazi wa Tanga.

Kasoro ilitoka kwa wakala wa safari wa mjini, ambaye aliiuza Amani kama ziara ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ratiba hiyo inakunyima matembezi ya usiku, na vinyonga wa Usambara huonekana vizuri zaidi gizani, kwa kuwa rangi yao hufifia wakilala na kung'aa wakimulikwa kwa tochi. Tulilazimika kuongeza malazi kwa gharama yetu, na sijutii. Atakayekwenda aombe kulala, abebe koti la mvua hata wakati wa kiangazi, na apande kilima cha Mbomole asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunika mashamba ya chai yaliyo chini yake.