Seti ya jwenti ya kilasi ya Dyna 3L, ya Birere: jwenti nzuri, uuzaji mubaya

Naandika kama shofere, si mekanisie, lakini hii moteri nilikuwa pembeni yake tangu ikifunguliwa mpaka ikifungwa, kwa hiyo ninachosema nimekiona. Iko Dyna ya zamani, lori ya Toyota, moteri 3L ya mazutu, inabebaka makabichi na viazi toka Kibumba kuleta Goma. Ikaanza kunywa maji, radiateri inatoa mapovu, na ukivuta kijiti cha kupimia mafuta unakuta mafuta yamegeuka meupe kama mayonezi. Hapo ni jwenti ya kilasi, ile inayoziba kati ya bloki na kilasi, kichwa cha moteri, nani haijui? Garaji wakataja bei, patro, bosi wangu, akasema bulo (bolti) ni bulo, tutafunga wenyewe nyumbani, video ziko tele mu telefone.

Njo tukaenda Birere, mtaa wa biashara wa Goma, butiki moja ya piyesi, jina naacha. Seti ilikuwa na jwenti ya kilasi, jwenti za kolekta (mabomba ya hewa na moshi), sili za valvu, raba ya kifuniko cha juu na tube ya silikoni, vyote mu karto safi. Muuzaji aliuliza kitu kimoja tu, "ni 3L ao 5L?" basi, akahesabu pesa, noti moja ya dola akairudisha eti iko na kapasuko. Kwa noti macho yake makali, kwa jwenti hapana.

Maana jwenti ya kilasi ya 3L haiko saizi moja. Ziko tatu, B, D na F, B ndiyo nyembamba, inaanzia milimita 1.4, F ndiyo nene, inafika 1.7, na unachagua kufuatana na vile pistoni zinatokeza juu ya bloki. Ya kwetu ya zamani ilikuwa F, herufi inaonekana kabisa. Mu karto ilikuwa B. Nilimuonyesha patro, akasema zote za Toyota.

Kufunga sasa. Kitabu cha ile moteri kinasema unaanzia bulo za katikati ukienda nje, kwanza niuton mita 78, kipimo cha nguvu ya kukaza, kisha unazungusha digrii 90, kisha 90 tena. Patro alitumia ufunguo wa kawaida, usiopima nguvu, na kipande cha bomba. Mu matundu ya bulo mlikuwa bado maji na mafuta, nikasema tukakope kompresa kwa yule wa matairi tupulize, kwa sababu bulo ikikuta maji chini inakuwa ngumu unafikiri imekaza kumbe inasukuma maji tu, hata bloki inaweza kupasuka. Akanijibu "Shofere, wewe utaendesha." Sawa patro.

Iliwaka, hiyo siwezi kuficha, na patro alipiga simu kwa bibi yake kabla kapo haijafungwa. Hatukufika hata Rond-point Chukudu. Ko ko ko ko ndani, moshi mweupe, maji yanarudi mu radiateri, Hilux ya jirani ikatuvuta na kamba. Hii kilasi ilishachongwa zamani kwa mashini, nafasi kati ya pistoni na valvu ilikuwa ndogo tayari, halafu unaiwekea B! Garaji walipofungua valvu mbili zimepinda, na juu ya pistoni alama zake zinaonekana.

Kwa hiyo nyota zangu. Seti yenyewe naipa nne, sili za valvu hazikuvuja na jwenti ilishikana vizuri upande ule bulo zilikaza. Silikoni sifuri, inabanduka na kucha, nunua ingine. Butiki nyota moja. Tulirudi kuomba kubadilisha wakakataa, hapo nawaelewa kidogo maana jwenti ikishafinywa haiuziki tena, lakini muuza piyesi asiyeuliza herufi anauza nini? Mekanisie wa garaji ndiye alienda siku ileile kwa muuzaji uleule, akaomba F, ikatoka mu karto ya chini kabisa, bei ileile.