Dawa ya magugu ya glaifoseti: inaua vizuri, ila angalia saa ya kupiga

Wakuu wa Mbozi, Mbalizi, Uyole mpaka Mafinga, hii dawa ya glaifoseti ya gramu 480 kwa lita naipa nyota nne kati ya tano. Nimesafishia shamba la mahindi kabla ya kupanda, sangari, lile jani sugu la kutambaa, imekauka mpaka chini, na sangari anayeijua anaijua, ukiikata na jembe kila kipande kinaota upya.

Sasa mnaolalamika kwamba ni feki, feki zipo kweli madukani, ila kwanza semeni mlipiga saa ngapi. Huku kwetu vijana wa kupulizia wanaanza saa 12 asubuhi ili wawahi shamba lingine, umande umejaa kwenye majani, dawa inachanganyika na yale maji inachuruzika chini, na kwa baridi ile mmea wenyewe bado umelala, kuna magugu usiku yanakunja kabisa majani. Glaifoseti lazima iingie kwenye jani lililo hai isafiri na chakula cha mmea hadi mzizini, na hicho chakula kinatengenezwa jua likiwepo. Kwangu kipande walichopiga na umande kimebaki na mabaka ya kijani, cha saa 4 kimekuwa njano chote, dawa ileile bomba lilelile.

Kwa hiyo subiri umande ukauke, saa 4 hivi anza, maliza mapema, maana Desemba Mbeya mvua ya alasiri haipigi hodi na dawa inataka kama masaa 6 bila mvua, ukiona mawingu yameanza kubeba asubuhi ahirisha tu. Jioni nako sishauri, upepo umetulia ndiyo, ila baridi ikishuka vile vitone vidogo vinaelea vinahamia kwenye maharage ya jirani. Na wanaotumia glufosineti, dawa nyingine ya magugu, ndo kabisa, ile bila jua la maana ni hela imepotea.

Maji yawe masafi jamani, ya mfereji yenye tope hapana, udongo unaishika dawa haifanyi kazi. Halafu vumilia wiki moja mpaka mbili, kukiwa na baridi inachelewa zaidi.

Nyota moja nimekata kwa sababu lile gugu laini linalotambaa lenye ua la bluu inalisumbua tu, halifi, hilo nimeling'oa kwa mkono na kulitoa nje ya shamba.