Madungu ya mtini: lipi liwe la kwanza kwa anayeamia shamba Dodoma

Madungu ya chuma yanayofungwa kwenye shina la mti yalibuniwa kwa ajili ya wawindaji wa kulungu wa Marekani, hasa yule kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye hunusa harufu ya mtu kutoka mbali na ambaye mwindaji humvizia kwa saa nyingi akiwa ameketi juu ya usawa wa macho na pua zake. Kulungu huyo hayupo Tanzania, lakini kazi ya kuketi juu na kutazama tunaijua vizuri, kwa sababu mashamba ya mtama na uwele ya Dodoma yamelindwa kutoka kwenye madungu ya miti na nyasi tangu enzi za mababu. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anaishi Wisconsin huko huko Marekani, alipakia madungu mawili ya aina hiyo ndani ya kontena la mizigo yake, na la tatu tulilichomelesha kwa fundi wa hapa mjini kwa kufuata picha. Nimeyatumia yote matatu kuamia mtama, yaani kuulinda usiliwe na ndege, na kupiga picha za ndege hao, na ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumiliki hata moja na anataka kujua fedha yake aiweke wapi.

Fedha ya kwanza aiweke kwenye hanesi, yaani mikanda inayoshika mabega, kifua na mapaja kwa pamoja, kabla hajauliza bei ya dungu lolote. Ninalisema hili mapema kwa sababu katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi muuzaji atakuonyesha mkanda mmoja wa kiunoni na kukuambia kwamba unatosha, nao hautoshi kabisa: anayeanguka akiwa amefungwa kiunoni tu anaweza kupinduka kichwa chini, au mkanda ukapanda hadi mbavuni na kumbana pumzi. Hanesi ya mwili mzima hugawa nguvu ya kuanguka na kumwacha mtu akining'inia wima. Hata hivyo, kuning'inia kwenyewe ni hatari, kwa kuwa mikanda ya mapajani huzuia damu ya miguuni isirudi vizuri kwenye moyo, na mtu anaweza kupoteza fahamu baada ya muda mfupi. Kwa hiyo hanesi iliyokamilika huja na kitanzi cha kukanyagia, ambacho aliyening'inia hukifungua na kusimama juu yake ili damu itembee wakati akisubiri msaada. Kama hanesi unayouziwa haina kitanzi hicho, fundi wa kushona mabegi anaweza kukushonea kwa mkanda imara wa nailoni, lakini kijaribu kwa uzito wako wote ukiwa karibu na ardhi, mtu mwingine akiwa pembeni yako.

Pamoja na hanesi, nunua kamba ya kukwelea. Hii hufungwa juu ya mti, mahali ambapo kichwa chako kitakuwa ukiwa umeketi, ikashuka hadi chini na kufungwa kwenye shina, na juu yake huwekwa kitanzi kidogo chenye fundo la Prusik, ambalo huteleza unapolisukuma kwa mkono na kubana linapovutwa ghafla. Faida yake ni kwamba umefungwa tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi. Ajali nyingi za madungu hutokea wakati wa kupanda, kushuka, au kuhama kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye kiti, na mtu anayejifunga akishafika juu amekwisha kuvuka sehemu ya hatari zaidi bila kinga.

Tukija kwenye madungu yenyewe, la kukwea ndilo lililonivutia zaidi kwa macho na ndilo lililonifaa kidogo zaidi. Lina vipande viwili, cha kukalia na cha kukanyagia, vinavyokumbatia shina na kupandishwa kwa zamu, na mwindaji wa Marekani hulipenda kwa sababu anaweza kulibeba mgongoni na kubadili mti kila siku. Linahitaji shina lililonyooka lisilo na matawi hadi juu. Nani ana mti kama huo pembezoni mwa shamba lake hapa? Mkwaju hugawanyika chini, mgunga una miiba, na mbuyu hakuna mkanda wa dungu unaouzunguka, mbali na kwamba nyama yake ni laini yenye maji na mashimo yake mara nyingi ni makazi ya nyuki. Mikaratusi imenyooka, ni kweli, lakini gome lake hubanduka na meno ya dungu yanaweza kuteleza nalo. Anayeanza aliache.

Dungu la kutundika ni jukwaa dogo lenye kiti, linalofungwa mtini kwa mikanda, na mtumiaji hulifikia kwa vipande vya ngazi vinavyofungwa kimoja juu ya kingine. Ni jepesi, halionekani kwa urahisi, na linavumilia mti uliopinda kidogo. Tatizo lake ni usakinishaji: unatakiwa kuwa juu, umening'inia kwenye mkanda, huku mikono yote miwili ikishughulika na chuma, na hata kaka yangu aliye na uzoefu wa miaka alihitaji mtu wa kumvutia vifaa kwa kamba kutoka chini.

Linabaki dungu la ngazi, ambalo ndilo ninalolipendekeza bila kusita. Ngazi yake ni sehemu ya dungu, imesimama ardhini na kuegemea shina, na juu yake kuna jukwaa, kiti na reli ya mbele. Yale ya dukani Marekani huwa na urefu wa takriban mita 4.5 hadi 6, na mengi ya mtu mmoja yameandikwa kubeba pauni 300, yaani kilo 136, hesabu ambayo inajumuisha mtu, nguo na kila alichobeba. Kwa kuamia shamba si lazima kufika juu kiasi hicho. Mwindaji hupanda ili harufu yake ipite juu ya mnyama, ilhali anayeamia anataka tu kuona juu ya masuke. Kwenye mtama wa asili, ambao hurefuka kupita kimo cha mtu, mita 4 zinatosha, na kwenye mbegu fupi kama Macia hata mita 3 zinaonyesha shamba zima. Kila mita unayoipunguza ni chuma unachookoa na hatari unayoiacha.

La fundi wetu limetengenezwa kwa bomba za mraba za inchi 1.5, na kwa maoni yangu halizidiwi na yale ya Wisconsin kwa uimara, ingawa ni zito zaidi na linahitaji watu watatu kulisimamisha. Anayetaka kuchomelesha la kwake azingatie mambo ambayo picha haionyeshi. Akague viungo kabla rangi haijapakwa, kwa sababu rangi huficha ufa na uchomeleaji ulioshika juu juu tu. Adai ule mkono wa katikati unaotoka kwenye ngazi hadi kwenye shina, ambao mafundi wengi huuacha wakidhani ni pambo, kumbe ndio unaozuia ngazi isipinde katikati mtu akiwa juu yake. Vipande vya ngazi vinavyoingiliana vifungwe kwa bolti na nati, visiachwe vikishikana kwa kubanana tu. Kisha, kabla mtu yeyote hajapanda, jukwaa lisimamishwe chini kabisa juu ya magogo na kupakiwa mifuko ya mchanga yenye uzito mara mbili ya mtu mzito kuliko wote nyumbani, na kuachwa usiku kucha.

Hatari kubwa ya dungu la ngazi iko kwenye upandaji wa kwanza, wakati mikanda ya juu bado haijafungwa na ngazi imeegemea tu. Vuta mikanda miwili kwa mkingamo kutoka kwenye jukwaa, uizungushe nyuma ya shina na kuifunga ukiwa bado chini, wasaidizi washike miguu ya ngazi, ndipo mmoja apande kukaza mkanda mkuu. Vifaa vyote vipandishwe kwa kamba baada ya mtu kuketi. Mwindaji mwenye kibali naye hufanya hivyo hivyo kwa bunduki, ikiwa haina risasi na mdomo wake umeelekea chini.

Kuhusu mti, mkwaju ulio hai na wenye afya ndio chaguo langu la kwanza, maana mbao zake ni ngumu na kivuli chake ni kizito. Mkababu una shina zuri pia, lakini hupukutisha majani wakati wa mvua, jambo linalofurahisha mazao yaliyo chini yake na kumchoma anayeamia mwezi wa Machi. Mti mkavu usifungwe dungu hata kama umesimama kwa miaka.

Jua ndiyo kasoro ambayo waundaji wa Marekani hawakuifikiria, kwa kuwa wao huwinda zaidi miezi ya baridi na mengi ya madungu yao hayana paa. Kwelea kwelea hushuka asubuhi na tena jioni, hasa punje zikiwa bado na maziwa, kwa hiyo mchana unaweza kushuka na kupumzika. Lakini chuma kinachokaa juani siku nzima kinaunguza mkono, na mikanda ya nailoni hudhoofika kwa jua bila kuonyesha dalili kubwa zaidi ya kupauka. Paa la bati nalikataa kwa sababu upepo wa Dodoma utalishika na kulitikisa dungu zima. Kitambaa chepesi kinachoondolewa jioni kinatosha.

Kwa shamba lisilo na mti wowote, na yapo mengi kati ya Chamwino na Bahi, ninashauri kuacha madungu ya mtini na kumwomba fundi atengeneze la miguu mitatu. Wawindaji wa kusini mwa Texas hulitumia kwenye vichaka vifupi ambavyo havina mti wa kuegemea, na linafaa kwetu kuliko nguzo za miti, ambazo mchwa huzila kuanzia chini mahali pasipoonekana.

Niongeze pia kwamba dungu halimpi mtu ruhusa ya kumwua mnyamapori anayeingia shambani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa uwindaji, na tembo wakionekana kutoka juu, kazi ya aliye kwenye dungu ni kukaa kimya, kuwapigia simu askari wa wanyamapori na kuwaonya majirani.

Mavuno yakiisha, fungua mikanda yote na ushushe dungu, kwa sababu shina huendelea kunenepa na mkanda ulioachwa hukazika hadi kukatika au kuuumiza mti. Mikanda ihifadhiwe ndani, gizani, mbali na panya, na ile iliyopauka au kuchanika nyuzi ibadilishwe kabla ya msimu unaofuata.