Kisakinishi kilichotaka kunifutia diski: uzoefu wangu wa kuweka Linux juu ya LVM

Kile kitufe cha "Futa diski yote" kwenye kisakinishi, yaani programu inayoweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta, kiondolewe. Kama lazima kiwepo, kisiwe cha kwanza, kisiwe kimeshachaguliwa tayari, na kiseme ukweli kuhusu kinachokwenda kufutika.

Toleo lenyewe la Linux silitaji, maana wengi wanaolitengeneza wanajitolea na sitaki kuwavunja moyo. Ila hasira ninayo.

Mashine yangu ya kazi ina diski mbili, SSD ndogo na ile kubwa ya kuzunguka, na zote nimezitia kwenye kundi moja la LVM, njia ya Linux ya kuunganisha diski kuwa hifadhi moja na kuikata vipande, ndizo volyumu. Ndani yake nimekata volyumu: moja ya mfumo, moja ya home (mafaili na mipangilio yangu), na moja kubwa ya video za harusi za wateja, ambayo imelalia diski zote mbili. Raha ya LVM ndiyo hiyo. Nafasi ikibana unaongeza, mfumo ukichakaa unapiga mpya kwenye volyumu yake bila kugusa home. Na si kitu cha jana, Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux LVM tangu mwaka 1998.

Basi nikawasha mashine kwa flashi yenye toleo jipya la Linux. Mfumo wa majaribio ukafunguka safi, hadi Wi-Fi ikakubali yenyewe. Nikafungua kisakinishi, nikafika ukurasa wa diski: hakuna volyumu hata moja! Kuna mstari mmoja tu, sda2, yaani kipande cha diski ya kwanza, na pembeni yake neno "lvm2". Yaani kinajua kabisa hiyo ni LVM, kinaiandika kwa jina, halafu ushauri wake wa kwanza ni kufuta. Kwamba nusu nyingine ya video za watu iko sdb, diski ya pili, na haitasomeka tena, kimya.

Nikampigia fundi mmoja wa Kariakoo anayesifika kwa Linux. Hakunisikiliza hata nusu. "Kaka, piga upya tu, mbona unajitesa? Hayo mambo ya LVM ni ya seva." Nikamwambia mle kuna kazi za wateja. Akacheka, akakata simu. Harusi ya mtu hairudiwi, ndugu yangu. Hicho kicheko bado kinanikera kuliko kisakinishi chenyewe.

Dawa nimeipata mwenyewe, nayo ni fupi mno. Kwenye flashi ile programu ya lvm2, inayosoma volyumu za LVM, haimo. Unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika sudo apt install lvm2, kisha sudo vgchange -ay, unafunga kisakinishi na kukifungua tena. Volyumu zote hizo, kwa majina yake! Unachagua ile ya mfumo iformatiwe, home na video unaziacha bila alama ya kuformati. Amri mbili. Wameshindwa nini kuziweka ndani?

Nikadhani yamekwisha. Mashine ikajiwasha upya, ikaganda, ikatoa maandishi meupe: "Gave up waiting for root file system device". Kumbe mfumo uliosakinishwa nao hauna lvm2, kwa hiyo wakati wa kuwaka hauoni volyumu yake wenyewe. Ikabidi nirudi kwenye flashi, amri zile zile mbili tena, ku-mount (kufungua) volyumu ya mfumo pamoja na boot, sehemu ya mafaili ya kuwashia, kuingia ndani ya mfumo uliosakinishwa kwa amri ya chroot na kuweka lvm2 humo. Hapo ikawaka.

Na niseme haki: tangu iwake, mashine inaruka. Video zinafunguka haraka, feni haipigi kelele, home yangu iko kama nilivyoiacha mpaka picha ya ukutani. Mfumo huu ni mzuri, mzuri sana, na jana nilikuwa tayari kuusifia kwa kila mtu.

Lakini nimpe nani? Dada anayehariri na mimi angeona kile kitufe angekibofya, kazi ya msimu mzima ingekwenda. Kisakinishi cha Debian, toleo jingine la Linux, kina sura ya kizamani, hakina urembo, lakini volyumu za LVM kinazionyesha chenyewe, na kwenye kila moja unachagua kuformati au kubakiza data iliyopo. Mwenye LVM aende huko.

Nilitaka kutoa nyota nne. Natoa mbili, na zitabaki mbili mpaka lvm2 iwemo kwenye flashi.