Uzoefu wangu: kozi ya faiba Mwanza iliyoanza na historia ya idara

Nimemaliza kozi fupi ya ufundi wa mawasiliano ya simu hapa Mwanza. Wiki sita, jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ada laki tatu na nusu kwa awamu mbili. Chuo sitakitaja kwa sababu nina manung'uniko nacho. Ila anayetafuta kozi ya aina hii asome hadi mwisho, maana kilichonifaa zaidi ndicho wenzangu wengi walichokiona kupotezewa muda.

Wiki ya kwanza hatukushika hata koleo. Tulikuwa kumi na wanane, wengi mafundi wa mtaani kama mimi: wanaofunga madishi Igoma, wanaovuta nyaya za intaneti Nyegezi na Buswelu, na kijana mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliyekuwa anapanga kwa shangazi yake ili asome. Sote tulitaka mashine ya kuunga faiba, ule uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga. Akaingia mzee wa miaka sabini na kitu, koti la kaki, akatusalimia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, wakati jua linazama, tukacheka, naye akacheka. Kisha akaandika ubaoni: "Idara yenu ilitoka wapi?" Alimaanisha idara ya mawasiliano ya simu ya chuo kikuu.

Alianzia mbali. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilianza na sheria. Hata 1963, kilipounganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliyetaka uhandisi alipanda basi kwenda Nairobi. Mafundi wa simu nao walikwenda Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, kwenye shule ya mafunzo iliyoanzishwa 1948 na baadaye ikawa ya Posta na Simu ya Afrika Mashariki. Siku hizi ni chuo kikuu cha Kenya.

Mwaka 1970 Dar ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, na 1973 kikafunguliwa Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Idara zilikuwa tatu: ujenzi, mitambo na umeme. Simu ilikaa ndani ya umeme, chumba kimoja na jenereta na transfoma. Miaka minne baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mbagathi ikabaki upande wa pili wa mpaka, na Tanzania ikaanzisha Shirika lake la Posta na Simu ambalo lilihitaji watu wake. Mzee alisoma Mlimani miaka ile. Alisema darasani walijifunza umeme mkubwa, ule wa kusukuma mota, na umeme mdogo, ule wa kubeba sauti ya mtu. "Mkubwa ukikosea unaunguza nyumba," alituambia. "Mdogo ukikosea mtu anasema 'nimefiwa' na anayesikiliza anaitika 'asante'."

Siku ya tatu alileta kifurushi kimefungwa kwa kanga. Ndani kulikuwa na kifaa cha chuma na shaba, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, alichokinunua kwa wauza chuma chakavu kwa kupimiwa kilo. Ilikuwa swichi ya Strowger, mtambo wa zamani wa kuunganisha simu bila mwendesha simu. Alipoisukuma kwa kidole, fimbo ya katikati ilipanda ngazi moja, tak, ngazi ya pili, tak, kisha ikazunguka pembeni, tak-tak-tak, ikasimama kwenye meno ya shaba. Ngazi kumi, na kila ngazi nafasi kumi: simu mia moja kwenye chuma kimoja. Almon Strowger, aliyepata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1891, alikuwa mzika maiti huko Marekani, na inasimuliwa kwamba alichoshwa na mwendesha simu aliyekuwa akiwapeleka wateja wake kwa mpinzani wake. Tuliisukuma kwa zamu. Ina uzito, na inanuka mafuta ya cherehani. Nilipoizungusha mwenyewe ndipo nilipoelewa namba ya simu ni nini: ni maelekezo ya njia, panda mara saba, kata kulia mara nne.

Hapo ndipo historia ya idara ilipokaa sawa kichwani mwangu. Chuma kile kilipobadilishwa na kompyuta, fundi wa simu akalazimika kuhama chumba. Sheria za 1993 zikaitenga posta na simu, kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa, na 1994 kampuni ya Mobitel ikaleta simu za mkononi. Mambo yakaendelea hivyo hadi 2011, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Ndaki ya TEHAMA pale Kijitonyama na kuiweka idara ya elektroniki na mawasiliano ya simu pamoja na idara ya kompyuta. Ile iliyoanza kama mpangaji wa wahandisi wa umeme imehamia kwa watu wa programu. Mzee aliuliza swali moja tu: kwa nini? Wengine walianza kuchungulia saa. Mimi niliandika kurasa nne.

Jibu nililipata kwenye somo la Erlang. Agner Erlang alikuwa Mdenishi aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, na kuanzia 1909 alichapisha hesabu za kujua njia ngapi za simu zinatosha watu wangapi. Mzee aliieleza kwa pantoni ya Busisi, enzi zile kabla ya daraja. Magari hayaji kwa mpangilio. Yanakuja matatu, kisha kimya, kisha ishirini kwa mpigo siku ya mnada. Ukiweka pantoni za kutosha siku ya mnada, siku nyingine zinaelea bure. Ukiweka za kawaida, siku ya mnada watu wanalala ng'ambo. Kwenye pantoni gari hungoja, kwenye simu unaambiwa laini zote zinatumika, na Erlang alitoa kanuni za yote mawili. Ndipo nikaelewa kwa nini idara ilihama: kazi ya simu imekuwa hesabu za foleni kuliko waya, na hesabu ni kazi ya kompyuta.

Sasa nieleze kwa nini naisifu kozi hii. Mwezi uliopita niliitwa hosteli moja ya wanafunzi Malimbe. Intaneti yao ilikuwa inakufa kila jioni saa mbili. Mafundi wawili kabla yangu walibadilisha waya na kisambazio (rauta), wakalipwa, wakaondoka. Nilipima mwanga wa faiba, uko safi. Nikakaa pale kuanzia saa kumi na moja jioni na daftari, nikihesabu simu zilizounganishwa kila robo saa. Saa moja na nusu zilivuka sitini, kwenye kifurushi cha nyumba ya mtu mmoja. Waya haukuwa na kosa lolote. Ilikuwa pantoni siku ya mnada. Mama mwenye hosteli alipandisha kifurushi, nikamgawia kasi kwa kila chumba, na tangu hapo hajanipigia kulalamika. Kuunga faiba angeweza kunifundisha yeyote. Hili nililipata wiki ile ya kwanza.

Somo jingine lililonikaa ni la ziwani. Tulipelekwa Bwiru jioni moja, mzee akatuonyesha mnara unaotazama maji, wenye madishi mawili, moja juu ya jingine, yote yakielekea upande mmoja. Kijana wa Nansio alidhani la pili ni la akiba. Kumbe mawimbi yanafika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda juu ya maji, na yakikutana vibaya yanafutana. Hewa ya ziwa inavyobadilika asubuhi na jioni, mahali pa kufutana panahama. Dishi la chini likikosa, la juu linapata. Yule kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo maana kwetu simu ilikuwa inapotea ziwa likitulia." Maji yakitulia yanakuwa kioo. Mzee alimpa mkono.

Sasa manung'uniko. Mashine ya kuunga faiba ilikuwa moja kwa watu kumi na wanane, na betri yake haikumaliza jioni. Uzi wa faiba ukishavuliwa ganda ni mwembamba, mikroni 125, yaani moja ya nane ya milimita, na kuukata wima kunahitaji mkono uliozoea. Mimi niliunga mara sita tu kwa kozi nzima, na wanawake tuliokuwa mwisho wa orodha ya zamu tulikuwa tunaambiwa "kesho". Nililalamika ofisini, zamu zikapangwa upya wiki ya tano. Cheti kiliahidiwa ndani ya wiki mbili, hii ni wiki ya saba. Ukijiandikisha, dai ratiba ya vitendo kwa maandishi kabla ya kulipa awamu ya pili, na nunua kikatio chako cha faiba.

Awamu ijayo nimesikia wanataka kuipunguza wiki ya historia iwe siku moja ili kuongeza vitendo. Nimewaandikia barua: ongezeni mashine, wiki ile iacheni. Mzee bado anafundisha, na kifurushi chake cha kanga kiko kabatini, rafu ya chini. Ukifika, mwombe akuache uisukume ile swichi mwenyewe.