TAHADHARI: Dubu wa "Zuni" niliyeuziwa ni wa plastiki

Ndugu zangu, hasa mlioko Marekani na mnaonunua zawadi mtandaoni, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Mwezi uliopita nilinunua sanamu ndogo ya dubu kwa dola 180, kwenye ukurasa unaojitangaza kuuza vinyago vya mawe vya Wazuni, kabila la wenyeji asilia wa New Mexico, Marekani. Nilitaka kumpelekea mama nikienda nyumbani. Muuzaji alijibu upesi na kwa adabu, akasema dubu ni wa feruzi asilia na amebarikiwa na mganga wa Kizuni. Akaniwekea na cheti chenye muhuri.

Nilipofungua boksi moyo ulinishtuka. Mimi nimekulia Tabaka, Kisii, baba yangu ni mchongaji, na jiwe nalijua mkononi. Jiwe ukilishika ni baridi na lina uzito wake. Huyu dubu alikuwa mwepesi, hana ubaridi, na chini ya tumbo ana mshono mwembamba wa kalibu, kama ule wa chupa. Nilipasha sindano moto nikamgusa chini ya mguu. Ikazama, ikatoka harufu ya plastiki. Nilipodai pesa zangu, alinifungia mawasiliano.

Cheti chenyewe kingenizindua mapema laiti ningejua. Kinasema dubu ni mlinzi wa mashariki na huleta utajiri. Kwa Wazuni dubu ni wa magharibi, na rangi yake ni buluu. Mashariki ni ya mbwamwitu mweupe, kaskazini ya simba wa milimani wa manjano, kusini ya nyegere mwekundu, juu kuna tai wa rangi zote, na chini ya ardhi fuko mweusi. Frank Hamilton Cushing, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi nao miaka kadhaa, alichapisha habari hizi mwaka 1883, kwa hiyo hazijafichwa popote. Ndiye pia aliyeandika simulizi yao kwamba zamani, ardhi ilipokuwa bado laini, wana pacha wawili wa Jua waliwapiga radi wanyama wakali wakageuka mawe, ila mioyo yao ikabaki hai ndani. Ndiyo maana vinyago vingi vina mstari unaotoka kinywani hadi moyoni: ni njia ya pumzi. Na lile furushi dogo la mgongoni, lenye chembe cha mshale na vipande vya feruzi au marijani, ni sadaka kwa mnyama.

Kilichoniuma zaidi ni neno "amebarikiwa". Vinyago vya ibada hutunzwa na wenyewe, hulishwa unga wa mahindi, wala si bidhaa. Kinachouzwa ni sanaa iliyochongwa ili iuzwe, kazi halali inayolisha familia nyingi pale Zuni. Anayekuuzia baraka anakudanganya wewe na anawadhalilisha wao.

Na si jambo dogo kisheria. Kwa sheria ya mwaka 1990, ni kosa Marekani kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji asilia wakati sivyo. Mtu binafsi, hata kwa kosa la kwanza, anaweza kutozwa faini hadi dola 250,000 na kufungwa hadi miaka mitano. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa New Mexico alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuuza vito vya Ufilipino kama kazi ya wenyeji asilia.

Jihadharini na maneno "mtindo wa Zuni". Hayo hayasemi aliyechonga ni Mzuni, na wauzaji wengi hujificha hapo. Kabla ya kulipa, dai risiti yenye jina la mchongaji, kabila lake na aina ya jiwe. Muuzaji wangu, nilipomwuliza jina la mchongaji, alijibu "ni siri ya kabila", na mimi nikakubali. Wachongaji wa Zuni niliowafuata baadaye walinitajia majina yao bila hata kuulizwa, na wengine huyachonga chini ya sanamu.

Kama umeshauziwa, usimtupe mnyama wala boksi. Piga picha za tangazo kabla halijafutwa, hifadhi risiti na mazungumzo yote, kisha peleka malalamiko kwa bodi ya serikali iitwayo Indian Arts and Crafts Board. Fomu iko kwenye tovuti yao. Mimi nimepeleka yangu Jumatatu. Aliyenunua kwenye ukurasa wenye cheti cha dubu wa mashariki aniandikie hapa, tuunganishe ushahidi.