Makombo ya hoteli ama chakula cha duka, nguruwe wako salama na gani?

Hii mabishano huku Kisumu haiishi, na ikisikika homa ya nguruwe ya Afrika imeingia mahali ndio inawaka zaidi, juu chanjo dukani hakuna na ikiingia boma inaweza maliza wote.

Bei, makombo imeshinda, hotelini unapewa bure ama kwa pesa kidogo. Lakini hesabu kuni za kuyachemsha pia, watu husahau hiyo.

Sasa usalama. Virusi vya hii homa hukaa kwa nyama ya nguruwe miezi kadhaa, hata ikiwa kwa friji, so kipande kimoja cha soseji kwa ndoo kinatosha kukuletea balaa. Kupasha tu haisaidii, inatakiwa ifike nyuzi 90 na ikae hapo saa nzima ukikoroga, alafu ndoo iliyobeba mbichi isiguse iliyoiva kabisa. Hapo ndio wengi hukwama, siku ya mvua kuni ni mbichi, kijana anaepua mapema.

Cha duka hakina nyama ya hoteli, hapo kimeshinda, ila usidhani joto la kiwandani linamaliza maneno, kinaweza chafuka baadaye. Magunia yaliyotumika boma lingine mimi sigusi. Kazi ya chakula cha duka ni kukiweka juu ya mbao, panya wasiingie, basi.

Kama uko na nguruwe wachache na mtu wa kukaa jikoni saa nzima bila kutoroka, chemsha. Uko kazini mchana kutwa, ama unafuga majike ya kuzalisha? Nunua, hata kama inauma.